Kompyuta inayogeuka kuwa kishikwambi: je, inamfaa mwalimu wa Hisabati aliyeko Kigoma?

MWALIMU WA GUNGU (Kigoma)

Ndugu wanajamvi, naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha ambazo nimezikusanya kidogo kidogo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mimi ni mwalimu wa Hisabati na Fizikia katika shule ya sekondari hapa Manispaa ya Kigoma Ujiji. Kompyuta mpakato niliyonayo imechoka: betri haimalizi dakika kumi bila chaja, na kibodi imepoteza herufi mbili, mojawapo ikiwa ni "a", jambo ambalo kwa mtu anayeandika Kiswahili ni msiba. Ninacho pia kishikwambi, kimojawapo cha vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 na baadaye vikagawiwa walimu. Hicho kinanifaa kusomea vitabu na kuwaonyesha wanafunzi picha, lakini kutungia mtihani wenye milinganyo na michoro ya saketi juu ya kioo kile ni kazi inayomaliza subira.

Sasa nimeona zinauzwa kompyuta za mtumba ambazo kioo chake hukunjwa mpaka kikalala mgongoni mwa kibodi, mashine ikabaki kama kishikwambi kikubwa, na nyingine ambazo kioo huchomoka kabisa. Bajeti yangu haizidi shilingi 900,000. Kazi zangu ni tatu: kuandaa mitihani na maandalio ya somo, kuandika hesabu kwa mkono huku darasa likifuatilia kwenye projekta, na kusahihisha kazi za wanafunzi wa masomo ya jioni ambao hunitumia picha za daftari zao kwa simu.

Ninachotaka kujua ni hiki: je, mashine moja yenye kazi mbili huzifanya zote mbili ipasavyo, au kila moja huishia nusu? Katika chumba cha walimu wenzangu wamegawanyika, na bahati mbaya hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuimiliki.

CHAKI NA KALAMU (Tabora)

Mwalimu mwenzangu, salaam kutoka Tabora. Ninafundisha Hisabati chuoni na nimetumia kompyuta ya kukunjwa kwa miaka mitatu sasa, kwa hiyo nitasema ninachokijua kwa mikono yangu.

Kwanza utenganishe aina mbili, kwa sababu watu huzichanganya kisha wakalaumu isiyo na kosa. Ya kwanza ni ile yenye bawaba inayozunguka nyuzi 360, ambayo Lenovo waliipa umaarufu kwa jina la Yoga mwaka 2012. Hii ni kompyuta mpakato kamili: prosesa, betri na diski vyote viko chini ya kibodi, na kioo ni chepesi, hivyo inakaa mapajani bila kupinduka. Ya pili ni ile ambayo kioo huachana na kibodi, kama Surface ya Microsoft iliyotoka mwaka huohuo. Hapo kila kitu kimerundikwa nyuma ya kioo, kibodi ni kama jalada tu, na mashine husimama kwa kutegemea mguu wake wa nyuma. Juu ya meza iliyo sawa haina tatizo lolote. Juu ya mapaja, au juu ya dawati la mwanafunzi lililoinama, utakuwa unaishika kwa mkono mmoja muda wote.

Kwa kazi zako ningekushauri aina ya kwanza, lakini uinunue ukijua kwamba hutaitumia kama kishikwambi kwa kiasi unachokifikiria sasa. Mimi nilijiona nikiwa nimeketi chini ya mwembe, mashine mkononi, nasoma tasnifu za wanafunzi. Uhalisia ni kwamba kompyuta ya namna hii huwa na uzito wa kilo moja na robo na kuendelea, na baada ya dakika kumi kiganja kinaomba kupumzishwa. Isitoshe, ukiikunja, vidole vyako hushika vitufe vya kibodi vilivyogeukia nyuma. Kibodi imezimwa na haiandiki chochote, lakini mpaka leo mkono wangu haujaamini. Kwa kusoma kitandani, kishikwambi chako cha sensa kitaishinda siku zote.

Kinachonifanya nisiiuze ni kalamu. Darasani huikunja kwa namna ya hema, au huilaza bapa juu ya meza, nikaandika utatuzi wa mlinganyo hatua kwa hatua, na wanafunzi wakauona ukutani ukiota mstari baada ya mstari kwa mwandiko wangu mwenyewe. Siwapi kisogo kama ninavyofanya ubaoni. Anayeguna kwenye hatua ya tatu ninamwona usoni pale pale, nikafuta na kurudia. Kipindi kikiisha ninahifadhi kurasa zote na kumtumia aliyekuwa anaumwa. Kwa mwalimu wa Historia faida hii ni ndogo; kwa mwalimu wa Hisabati, ambaye alama ya kipeo cha pili humchukua muda mrefu kuitafuta kwenye kibodi, ni kubwa mno.

Kwa hiyo ushauri wangu una sharti moja: ukiikuta mashine ambayo kalamu yake haipo au haifanyi kazi, usiinunue kwa bei yoyote ile, kwani bila kalamu utakuwa umelipia bawaba tu.

FUNDI WA MWANGA (Kigoma)

Mwalimu, mimi ni fundi wa kompyuta hapa Mwanga, na maoni yangu yanatokana na upande wa pili wa mambo, yaani siku ambayo mashine imeletwa kwangu ikiwa imefungwa kwenye kanga.

Katika kompyuta mpakato ya kawaida, kioo kikipasuka ninafungua fremu ya plastiki, ninatoa skrubu chache, ninabandua waya mmoja, na kabla chai haijapoa mteja ameondoka. Katika hizi za kukunjwa, kioo cha nje, tabaka linalosikia mguso na skrini yenyewe huwa vimegandishwa pamoja kuwa kipande kimoja. Ufa mdogo kwenye kona, hata kama picha bado inaonekana vizuri, maana yake ni kubadilisha kipande chote, na kipande hicho huagizwa Dar es Salaam au nje kabisa. Nimewahi kumwambia mteja gharama, akaniuliza kama ninamuuzia kompyuta nyingine. Zile za kuchomoka ni ngumu zaidi, kwa kuwa huingii ndani mpaka uipashe moto gundi inayoshikilia kioo, na kioo chenyewe mara nyingi hupasuka katika kutolewa. Surface Pro ya kwanza, ya mwaka 2013, ilipewa na iFixit, ambao hupima urahisi wa kutengeneza vifaa, alama 1 kati ya 10. Zilizotoka miaka ya karibuni zimepata nafuu, hasa upande wa diski, lakini hizo hazimo ndani ya bajeti yako.

Bawaba nayo ina habari yake. Kila unapoigeuza, waya wa skrini unaopita ndani yake hujipinda. Mashine ya mtumba imegeuzwa na mtu usiyemjua kwa miaka minne au mitano, kwa hiyo ukifika dukani ifungue polepole kutoka mwanzo mpaka mwisho huku ukiangalia kioo. Kikipepesa au kuzimika kwenye pembe fulani, waya umeanza kuchoka. Iweke pia juu ya meza ikiwa imefungwa, uitazame kwa ubavu: ikiwa imetuna, au haifungi sawasawa, betri imevimba. Kwa namna yoyote usikubali kuambiwa kwamba itatulia yenyewe.

Mambo mawili zaidi yanayowaumiza wengi. La kwanza ni kumbukumbu, yaani RAM. Katika mashine nyingi nyembamba za aina hii, HP EliteBook x360 1030 ikiwa mfano mmojawapo, RAM imechomelewa kwenye bodi na haiongezwi kamwe, hivyo ukinunua ya GB 4 utazeeka nayo. La pili ni kizazi cha prosesa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa prosesa za Intel hudai kizazi cha nane au zaidi. Soma tarakimu inayofuata kistari: i5-7200U ni kizazi cha saba, i5-8250U ni cha nane. Ile x360 1030 yenye alama ya G2 ni ya kizazi cha saba, G3 ni ya nane, na kwa macho ya mpita njia zinafanana kama mapacha. Muuzaji anaweza kukuonyesha G2 ikiwa na Windows 11 ndani yake. Ujue imeingizwa kwa kukwepa masharti, na Microsoft haiahidi kwamba masasisho yataendelea kuifikia. Ukiona Surface RT ya mwaka 2012 kwa bei ya kutupa, ipite. Haikubali programu za kawaida za Windows, na Microsoft wenyewe walikubali hasara ya dola milioni 900 mwaka 2013 kwa sababu ya mashine hizo.

Kwa kuwa hitaji lako hasa ni kuandika kwa mkono, mimi ningenunua kompyuta mpakato ya kawaida iliyo imara, yenye kioo kisichong'aa na RAM inayoongezeka, halafu nikatafuta kibao cha kuchorea cha USB, kama vile cha Wacom, Huion au XP-Pen. Kibao hakina kioo ndani yake; unaandika juu ya plastiki na mwandiko unatokea kwenye skrini. Bei ya vile vidogo ni sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta, na kikivunjika hakivunjiki na kazi yako yote.

DADA WA MWALONI (Kigoma)

Naongeza la kwangu, ingawa mimi si mwalimu. Ninakusanya takwimu za samaki kwenye mialo, Kibirizi nikiwapo mara nyingi zaidi, na kwa miezi minane ofisi ilinipa mashine ya kuchomoka badala ya kishikwambi cha kawaida, kwa hoja ileile ya kuua ndege wawili kwa jiwe moja.

Mitumbwi ya dagaa hurudi alfajiri baada ya kuvua usiku kwa taa, na mpaka tumalize kupima, jua limekwisha kupanda. Kioo cha mashine ile kilikuwa kinang'aa kama kioo cha kujitazamia. Nilikuwa ninaona kitambaa changu cha kichwani vizuri kuliko jedwali. Nyingi za kompyuta hizi zina mwanga wa niti (kipimo cha mng'ao wa kioo) 250 hadi 300, kiwango ambacho ndani ya nyumba kinatosha na nje ya nyumba hakifui dafu. Vidole vikiwa na maji, kioo hubonyeza kisichobonyezwa. Mguu wake wa nyuma hautaki mchanga, na sijui ni wapi mwaloni nitapata pasipo na mchanga. Sehemu ya kuunganishia kibodi iliingia magamba mara mbili, ikawa kibodi inatambulika leo, kesho haitambuliki.

Nimerudi kwenye kishikwambi chenye jalada la mpira kwa kazi za mwaloni, na kompyuta ya kawaida kwa kuandikia ripoti. Mwalimu, wewe unafanya kazi chini ya paa, kwa hiyo mengi ya haya huenda yasikupate. Lakini kama una madarasa yenye madirisha makubwa upande wa ziwa, jaribu kwanza kukaa karibu nayo saa nane mchana.

MWANARAMANI (Tabora)

Ninasomea masuala ya ramani. Nataka kuongeza jambo moja tu: programu nyingi za Windows zilibuniwa kwa ajili ya kipanya. Ukifungua QGIS, programu ya kutengenezea ramani, kwenye kioo cha inchi 13 ukatumia kidole, vitufe vyake ni vidogo kama punje za ulezi na utabonyeza cha jirani. Kalamu husaidia, kidole hakisaidii. Anayedhani atapata wepesi wa Android ndani ya Windows kwa sababu tu kioo kinaguswa atakata tamaa mapema.

CHAKI NA KALAMU (Tabora)

Fundi amesema mengi ya kweli, nami sina ubishi kuhusu gundi na bawaba. Ila kuhusu kibao cha USB ninatofautiana naye kidogo. Nilikitumia kwa muhula mzima kabla ya kununua mashine hii. Mkono unaandika hapa, macho yanatazama pale, na ubongo huhitaji wiki kadhaa kuvipatanisha. Kuandika maneno na milinganyo nilizoea. Kuchora pembetatu na kuweka alama ya pembe mahali pake hasa, au kuunganisha waya wa saketi na nukta niliyoichora awali, sikuzoea mpaka mwisho. Kwa mwalimu wa Fizikia hilo si dogo. Naye anayesahihisha picha ya daftari anataka kuweka mkwaju juu ya kosa lenyewe, si sentimita moja pembeni.

Kuhusu kalamu, kuna mtego ambao ulinigharimu. Kalamu hizi haziingiliani. Zipo za mfumo wa EMR wa Wacom, ambazo hazihitaji betri kabisa. Zipo za AES, nazo ni za Wacom pia. Na zipo za mfumo wa Microsoft. Kalamu ya mfumo mmoja ikiwekwa kwenye kioo cha mfumo mwingine ni kijiti tu. Duka moja liliniuzia mashine pamoja na kalamu iliyokuwa ya mashine nyingine kabisa, na nilipolalamika nikaambiwa ichajiwe kwanza, ilhali haikuwa na mahali pa kuchajia. Tena zipo zinazotumia betri ndogo ya AAAA, herufi nne, ambayo ni nyembamba kuliko ile ya rimoti. Hapa Tabora nimezunguka maduka yote ninayoyajua bila kuiona, na sasa huagiza kadhaa kwa pamoja kila mtu wangu anaposafiri kwenda Dar es Salaam.

Jaribio la kufanya dukani ni rahisi. Chukua rula, iweke mshazari juu ya kioo, kisha pitisha kalamu kando yake polepole sana, kwa mwendo wa konokono. Mstari ukitoka ulionyooka, kalamu na kioo vinaelewana vizuri. Ukitoka na mawimbi, mwandiko wako mdogo utakuwa na mawimbi hayohayo, na hakuna mpangilio utakaouponya. Halafu laza kiganja chote juu ya kioo uandike kama unavyoandika kwenye karatasi: kiganja kisiache alama.

MWALIMU WA GUNGU (Kigoma)

Nawashukuru wote, na hasa Dada wa Mwaloni, kwa kuwa madarasa yetu mawili yana madirisha ya namna hiyohiyo.

Baada ya kusoma majibu ya siku ya kwanza niliamua kuhesabu badala ya kukisia. Kwa wiki nzima niliandika kila nilipohitaji kuandika kwa mkono kwenye kifaa. Katika vipindi 22, projekta niliipata katika vitatu tu, kwani ni moja kwa shule nzima, na katika kimojawapo umeme ulikatika kabla sijaanza. Kumbe darasani ubao bado ndio mwenyeji. Jioni, hata hivyo, nilisahihisha picha za daftari kati ya kumi na kumi na tano kila siku, na hapo ndipo kidole changu kwenye kishikwambi kilipoandika vitu ambavyo mimi mwenyewe nilishindwa kuvisoma. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa adabu zote kama nimempa 7 au 1.

Kwa hiyo kalamu ninaihitaji, lakini si kwa sababu niliyoianza nayo. Nilikwenda pia kwa rafiki yangu mwenye kibao cha USB nikakijaribu juu ya picha hizo, na hali ilikuwa kama alivyoeleza Mwalimu wa Tabora: mkwaju ulitua pembeni mwa kosa. Fundi ataniwia radhi. Hoja yake ya RAM na kizazi cha prosesa nimeibeba yote, na ndiyo iliyonifanya niachane na mashine moja nzuri ya G2 niliyokuwa nimekwisha kuiwekea moyo.

Sasa kuna G3 yenye RAM ya GB 8 katika fremu moja ya duka hapo Mwanga, kalamu wanasema ipo. Ninaomba Fundi, kama nafasi inaruhusu, tuikague pamoja Jumamosi. Rula nitakuja nayo. Je, asubuhi saa tatu inafaa?

FUNDI WA MWANGA (Kigoma)

Hakuna cha kuwia radhi, Mwalimu. Umehesabu kazi yako mwenyewe, mimi nilikuwa nakisia. Nitakuja na bisibisi, na wakiruhusu nitafungua mfuniko wa chini tuitazame betri. Waambie mapema wasiichaji siku hiyo, tuione inavyoshuka bila waya.

Ila asubuhi usije. Fremu ile inatazama magharibi na ndani mna giza mpaka mchana, kila kioo humo kinaonekana kizuri. Njoo saa nane, tuitoe nje juani, uandike mlinganyo mmoja tuone kama utausoma.